Kiti cha Mamake Bibi Harusi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limefunga nyama ya buchari, na damu ikawa imekunywa nusu ya maneno yangu, usijali. Nitakurudisha nyuma kidogo tu, halafu twende.

Mimi ni Mutindi. Hapa Mtito Andei hakuna anayeniita hivyo. Wananiita Mama Viti, kwa sababu nakodisha viti vya plastiki: mazishi, harusi, harambee, mikutano ya injili. Mwanamke wa kwetu huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi naitwa kwa jina la viti, na kwa miaka kumi na saba sijamsahihisha mtu, maana ningemsahihisha angeniuliza mtoto mwenyewe yuko wapi.

Mtoto yuko Tawa. Jina lake Nduku. Nilimwacha akiwa na miaka saba kwa shangazi yake Kalekye, dada ya marehemu mume wangu Kyule, nikasema naenda kutafuta kazi wiki mbili hivi. Ukweli niliueleza mwanzoni mwa hadithi hii, kwa hivyo sitautia sukari leo. Nilimfuata dereva wa lori.

Dereva alinichoka hata mwaka haujaisha. Niliporudi Tawa, Kalekye alinikuta langoni akaniambia mtoto ameanza kunisahau, nimwache asahau vizuri. Nami nikageuka. Sikugombana, sikulia, sikuomba hata kumwona. Niligeuka haraka mno, na haraka hiyo ndiyo imekuwa ikinila hadi leo.

Wiki jana niliwaachia pale mzee Musyimi, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alipokuja kukodi viti mia moja akaniachia kadi. Niliisoma alipokwisha kuondoka. Bwana harusi ni Mulei, kijana wa hapa karibu, mtoto wa ndugu yake Musyimi. Bibi harusi ni Nduku, binti ya marehemu Kyule na Bi. Kalekye wa Tawa.

Ningeweza kumpigia simu niseme viti vimechukuliwa na watu wengine. Sikupiga.

Jumamosi ikafika.

Nakaa chumba kimoja nyuma ya yadi ya malori. Viti vimejaa pande tatu, vimepandana hadi karibu na mabati, na kitanda changu kimebanwa katikati. Viti mia moja na ishirini, na sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu karibu, kaa, ndani ya chumba hicho. Asubuhi hiyo nilitoa lile rinda langu la kanisani, nikalitazama, nikalirudisha kwa sanduku. Mtu akiniona nimevaa vizuri angeuliza kama nimealikwa. Nikavaa aproni ya kazi na kofia ya jua.

Pikapu ilikuja saa kumi na mbili. Nikapakia mwenyewe, kumi kumi. Nyuma ya kila kiti nimeandika jina langu kwa rangi nyekundu, kwa sababu viti vya plastiki ni ndugu wote. Ukivichanganya na vya kanisa na vya jirani hutajua vyako ni vipi. Jina lenyewe ni MUTINDI KYULE. Mume nilimzika, jina lake sikulizika.

Juu ya viti mia moja niliongeza kimoja. Hicho sikodishi. Ni kiti cha mikono, cha siku nyingi, kilichopasuka mguu wa nyuma karibu na kikalio. Jua la huku hukausha plastiki mpaka ikakatika kama biskuti. Nilipasha msumari moto, nikatoboa mashimo pande mbili za ufa, nikakishona kwa uzi wa nailoni, halafu nikayeyusha kipande cha beseni kuukuu nikakipaka juu kwa kisu cha moto. Moshi wake uliniumiza kichwa siku mbili. Kiti kilisimama, lakini si cha kukaliwa ovyo. Mimi hukikalia kwa adabu, nusu ya uzito kwangu, nusu kwake.

Mbona nakibeba? Kwa sababu mwenye viti hakalii kiti cha mteja. Ukikalia, na mgeni mmoja akakosa pa kukaa, utasemwa mpaka Emali. Kwa hivyo popote niendapo nabeba changu, nakiweka nyuma kule karibu na jikoni, nakaa hapo nikiangalia migongo ya watu.

Boma la kina Mulei liko mwendo mfupi kutoka barabara ya Mombasa. Nilipofika nilimkuta Falis ashaanza kazi. Falis ana duka la vitambaa karibu na kituo cha mafuta. Mimi nina viti, yeye ana nguo za viti, kwa sababu siku hizi kiti hakiendi harusini uchi. Huvalishwa kitambaa cheupe hadi chini, kikafungwa utepe wa zambarau mgongoni, na hata kile kilichotafunwa na mbuzi kinaonekana kimetoka dukani jana.

"Mama Viti, uko na nini leo?" Falis akaniuliza. "Hii ni mara ya tatu nakusalimia."

"Sina kitu."

"Wallahi uko na kitu."

"Ni jua tu."

"Jua gani? Saa moja hii?"

Falis ndiye mtu pekee hapa Mtito ambaye hunipigia simu bila kutaka viti. Miaka sita tunafanya kazi pamoja na hajui nina mtoto. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Nilishika utepe, nikaukunja, nikaukunjua.

"Bibi harusi anatoka wapi?" nikamuuliza kana kwamba sijui.

"Tawa. Wanasema ni mrembo sana. Mwalimu wa nasari."

Mwalimu. Sikuwa najua hilo. Unamzaa mtu, halafu habari zake unaletewa na muuza vitambaa.

Saa nne na nusu honi zikasikika kutoka barabarani. Vijana wakakimbia, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi miguu ilinibeba kuelekea jikoni, nikasimama nyuma ya masufuria, ndani kabisa ya moshi, na jagi la maji mkononi ili nionekane nina kazi.

Sikumwona uso. Niliona shela, nikaona migongo ya akina dada wanaocheza, halafu watu wakaachana kidogo nikaona anavyotembea. Mguu wa kulia unatoka nje kidogo kila akikanyaga. Hiyo ni miguu ya Kyule. Nilikaa na jagi hilo mpaka mpishi mmoja akanipokonya.

"Mama, hayo maji unayamwaga!"

Nilirudi kutafuta kiti changu nikae. Hakikuwepo.

Nikazunguka nyuma ya hema, nikaangalia karibu na kuni. Hakuna. Nikamwendea Falis mbio.

"Falis, kiti changu kiko wapi?"

"Kipi? Vyote si vyako?"

"Kile cha mikono! Kile nilikuwa nimeweka huku nyuma!"

"Oh, hicho." Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja. "Walikosa kimoja cha mikono kule mbele, kwa wazazi. Musyimi akaniambia nitafute. Nimekivalisha. Kimependeza, huwezi jua."

"Umekiweka wapi kule mbele?"

"Pale katikati. Kwa mamake bibi harusi."

Msomaji, nilicheka. Najua si jambo la kuchekesha, lakini kicheko kilinitoka. Falis akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua kweli.

Nilivuta pumzi nikaanza kuelekea mbele. Nakuapia nia yangu ilikuwa njema. Nilitaka kumnong'onezea Musyimi kwamba kile kiti ni kibovu, kibadilishwe, basi, nirudi kwa moshi wangu. Hakuna ambaye angenitambua na kofia ile.

Lakini kufika mbele ilikuwa lazima nipite pale kwa kunawia mikono, pale pipa kubwa la plastiki lenye mfereji lilipowekwa. Na pale kwenye mfereji alikuwa ameinama mwanamke mnene kidogo, amevaa kitenge cha zambarau na kilemba kirefu. Akanyooka, akakung'uta maji, akaniona.

Miaka kumi na saba, na kofia, na hakuchukua hata dakika.

"Mutindi."

"Kalekye."

Akaangalia nyuma, akaangalia pembeni, akanivuta nyuma ya pipa.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimeleta viti."

"Viti gani?"

"Hivi vyote mnavyokalia. Ni vyangu. Vimekodiwa."

Akatazama ule uwanja wote mweupe, kiti kwa kiti, kisha akanitazama aproni. Niliona anashindwa kuamini, halafu niliona anaamini.

"Sawa," akasema. "Kama ni viti, kaa na viti vyako. Huyu mtoto amelia kwangu usiku hata siwezi kuhesabu, akiita jina lako. Mimi ndiye nilikuwa naamka. Alipougua malaria nilimbeba mgongoni hadi hospitali, na nilikuwa na mimba yangu mwenyewe. Sasa amenyamaza. Ameolewa. Ukipita hapa uende kule mbele, Mutindi, mimi mwenyewe nitashika maikrofoni niwaambie watu wote vile ulimwacha."

"Kalekye, sikuwa nakuja kwa..."

"Usiniambie kitu. Hakuna kitu chako nataka kusikia."

Hapo ndipo, msomaji. Nilikuwa nimefungua mdomo. Neno "kiti" lilikuwa kwenye ulimi. Na kila alichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana kiliniuma hivyo. Angenisingizia ningemsamehe pale pale.

Nikafunga mdomo.

"Haya," nikamwambia. "Nenda ukae."

Akaenda. Nikamtazama mgongo ule mpana wa zambarau ukielekea mbele, nikaona jinsi mguu wa kiti utakavyokatika, jinsi kilemba kitakavyodondoka, jinsi wageni wa Tawa na wa Mtito watakavyosema woi kwa pamoja. Niliona anguko lake kabla halijatokea, na moyo wangu ulifurahi. Nimeungama mambo mengi kwenye kurasa hizi. Hili ndilo nililotaka sana kuliruka.

Nilisimama kando ya hema, mahali ninapoona vizuri.

Kalekye alifika mbele, lakini hakukaa. Ilikuwa zamu ya nyimbo, na akina mama wa kanisa walimvuta wakacheza naye. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Halafu mchungaji akaomba, na kwa maombi watu husimama. Kila mara alipokuwa karibu kukaa kulitokea jambo. Nami kila mara nilikuwa na nafasi ya kwenda kusema, na kila mara nilikaa hapo hapo.

Kisha mzee Musyimi akashika maikrofoni.

"Sasa tumefika kwa zawadi! Mtu asijifanye amesahau ya kwake nyumbani!"

Harusi za kwetu siku hizi ni za plastiki, usinicheke. Foleni ilianza: mabeseni ya maua, ndoo zenye vifuniko, mitungi ya lita ishirini, majagi, sahani, kikapu kilichosukwa kwa uzi wa nailoni wa rangi tano. Mwanamke mmoja alikuja amejitwisha tangi dogo la maji kichwani, akapigiwa makofi kuliko wote. Zawadi zilipanda mlima mbele ya bibi na bwana harusi. Mimi nilikuja na viti mia moja, na zawadi sikuwa na hata kijiko.

"Kabla hatujaendelea," Musyimi akasema, "watu wa Mulei wana blanketi ya mama. Mama mzazi wa bibi harusi aketi katika kiti chake, akina mama wamvishe!"

Vigelegele. Kalekye akajipangusa kitenge, akakigeukia kiti.

Nilishika kamba ya hema.

"Ngojeni kidogo."

Sauti hiyo haikuwa ya Musyimi. Bibi harusi alikuwa amesimama, ameinua shela, na mkono ameunyoosha kuomba maikrofoni. Hapo ndipo nilipomwona uso kwa mara ya kwanza. Nilitafuta yule wa miaka saba ndani yake, nikamkosa. Ni mwanamke mzima. Angenipita sokoni nisingegeuka.

"Mnisamehe," Nduku akasema. "Kuna kitu sikuambia kamati yote. Hata Mulei nilimwambia jana tu. Shangazi Kalekye ndiye amenilea. Chakula, school fees, maombi, kila kitu. Shangazi, Mungu akubariki, na blanketi yako iko, nimenunua mwenyewe, utavishwa. Kuja ukae hapa kando yangu."

Kalekye akasimama wima. Mtu akamletea kiti kingine, akakaa polepole bila kuangalia anapokaa. Kilikuwa kizima. Nikaachia kamba.

"Lakini hiki kingine si chako," Nduku akaendelea. "Mwaka jana babu ya Mulei alizikwa hapa hapa. Nilikuja. Nikakaa kwa kiti cha plastiki, na ile kiti ilikuwa mbele yangu imeandikwa nyuma na rangi nyekundu. Mutindi Kyule. Nikasoma mara mbili. Jina la mama yangu na jina la baba yangu, kwa kiti."

Nilisikia mafuta yakilia jikoni.

"Mazishi ikiisha, kuna mama alikuja akikusanya viti. Nikamjua kutoka mbali. Akakuja laini kwa laini mpaka akafika kwangu. Akaniambia, 'Samahani dada, inuka nihesabu.' Nikainuka. Akachukua kiti, akaenda."

Kazi ya viti ina ubaya huo. Sherehe ikiisha, wewe ndiye unayewainua watu. Kwa siku moja nawaambia watu mia samahani, inuka, na siwaangalii usoni. Naangalia miguu ya viti kama imepasuka. Nilijaribu kumkumbuka msichana huyo wa mazishi, nikiwa nimesimama pale. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote. Nilikumbuka kwamba siku hiyo kulikosekana viti viwili.

"Sikumwita," Nduku akasema. "Nilikuwa na hasira, acha niseme ukweli. Nikakaa na hasira yangu mpaka nikachoka nayo. So mimi ndiye nilimwambia mzee Musyimi asikodi viti kwingine, aende kwa huyo mama, na amwachie kadi. Nilitaka asome, achague mwenyewe. Kama hataki, akatae viti." Akatupa macho kuelekea jikoni. "Hajakataa. Nimemwona asubuhi amejificha kwa moshi."

Watu wakaanza kugeuka. Waligeuka nusu, halafu wote. Falis, kule nyuma, alikuwa ameweka mikono kichwani.

"Mwaitu," mtoto wangu akaniita, mama yangu, kwa Kikamba chetu, mbele ya watu wote hao. "Kuja ukae."

Nilienda. Sijui nilivyoenda. Najua kofia ilianguka njiani na mtu akaiokota. Najua akina mama nisiowajua walinishika mikono, na mmoja alikuwa analia, na aproni yangu ilikuwa na masizi.

Wakanifikisha kwenye kiti. Kile. Kimevaa nyeupe, kimefungwa zambarau, kinanisubiri.

Nilileta viti vizima mia moja siku hiyo.

Nilishuka taratibu. Nikakalia ukingo tu, miguu nimeikaza, mapaja yanatetemeka. Kiti kilitoa sauti ndogo, nikasikia nailoni ikijivuta, lakini kikashika. Akina mama wakaleta blanketi wakanizungushia mabegani huku wanaimba. Lilikuwa zito na lilinukia duka. Hakuna mtu aliyewahi kunifunika kitu tangu Kyule afe. Nilianza kulia, lakini kwa uangalifu, nisije nikatikisika.

Kalekye, kwenye kiti cha pili, alikuwa amenikazia macho.

"Mbona unakaa hivyo?" akaninong'oneza katikati ya wimbo. "Unakaa kama kuku anayetaka kutaga."

Nikajifuta machozi kwa pindo la blanketi.

Akatazama miguu yangu iliyokazana. Akatazama kitambaa. Akainama kana kwamba anaokota kitu, akainua pindo kidogo, akaona. Ule mshono, huwezi kuukosa. Uzi wenyewe ni wa bluu.

Aliponyooka uso wake ulikuwa umebadilika, na sauti yake ilikuwa ya chini na ya pole kabisa.

"Ulijua," akasema. "Pale kwa mfereji. Ulikuwa unajua, ukaniambia niende nikae."

"Kalekye, nilitaka kukuambia..."

"Uliniambia nenda ukae."

Wimbo ukaisha. Nilipoinua macho, Nduku alikuwa amesimama mbele yangu, maikrofoni bado mkononi, uso umelowa, anacheka.

"Mama, kuna kitu kimoja tu nataka," akasema, na watu wote wakasikia. "Unipakate. Kidogo tu. Najua nimekuwa mzito."

Wageni walicheka, wakapiga makofi. Mulei akapiga mluzi. Mtoto wangu akageuka, akakusanya lile gauni jeupe kwa mikono miwili, akaanza kukaa mapajani mwangu.

Ningeweza kusimama. Ningeweza kumkumbatia tukiwa wima, nani angeuliza? Tangu siku hiyo nimefikiria mambo kumi ambayo ningefanya, yote rahisi. Lakini wakati ule nilichoona ni mguu ule wa nyuma ukikatika na yeye akianguka chali na ncha ya plastiki ikimwingia, na kilichotoka mdomoni kilitoka chenyewe, kwa sauti kubwa, kikaingia moja kwa moja kwenye maikrofoni.

"Usinikalie!"

Spika zililirudisha neno hilo kutoka pande zote mbili za uwanja.

Makofi yakakatika. Nduku alibaki ameinama nusu, gauni mkononi. Halafu akanyooka polepole, akanigeukia. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Na sasa, uso ulivyovunjika, ndipo nilipomwona yule wa miaka saba. Alikuwa humo wakati wote.

"Hata leo?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo nimwambie ni kiti, ni kiti tu. Lakini nikisema ni kiti kibovu, ataniuliza nilijua tangu lini. Na kando yangu Kalekye alikuwa bado ameshika pindo la kitambaa, ananitazama, anangoja asikie nitamjibu nini mtoto.